Adabu za Kuchukua Sarafu Benki kwa Ajili ya Makusanyo: Hatua kwa Hatua

Boksi moja la sarafu za senti tano za Marekani, ambazo wenyewe huziita nikeli, lina sarafu 2,000 na uzito wa kilo 10. Kabla halijafika mikononi mwako, mfanyakazi mmoja wa benki ameliagiza, mwingine amelipokea kutoka kwenye gari la kusafirishia fedha na kulisaini, likaingizwa kwenye hesabu ya sefu, kisha keshia akaliinua na kulileta dirishani. Wewe unatoa dola 100 za noti, unaondoka na dola 100 za sarafu. Benki haikupata kitu hapo, na mara nyingi gharama ya usafiri imeibeba yenyewe.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu adabu zote nitakazozieleza zinatoka humo. Mkusanyaji anayeingia benki kuomba sarafu anaomba hisani. Anaweza kuwa mteja wa miaka mingi mwenye akaunti nono, lakini kwa jambo hili ni mwombaji, na hisani hupewa mtu anayeifanya iwe nyepesi kwa anayeitoa. Nimewaona wakusanyaji waliofungiwa milango na matawi yote ya mji mmoja, na wengine ambao keshia anawawekea kando sarafu asizozijua bila hata kuombwa. Tofauti yao ilikuwa katika mwenendo tu.

Hatua ya 1: Jua unachokwenda kuomba

Watu huchukua sarafu benki ili wakazipekue nyumbani. Wanatafuta za miaka ya zamani, zenye madini ya fedha, zenye makosa ya kiwandani, au za ukumbusho zinazopungua kwenye albamu. Wanazozitaka wanabaki nazo kwa thamani ileile iliyoandikwa juu yake, zilizobaki wanazirudisha kwenye mzunguko. Hakuna hila yoyote hapo, na huna sababu ya kuificha shughuli hii kama jambo la aibu.

Kinachotafutwa hutofautiana kwa nchi. Marekani, sarafu za senti 10, senti 25 na nusu dola za mwaka 1964 kurudi nyuma zina madini ya fedha kwa 90%, na nusu dola za 1965 hadi 1970 zina 40%. Zipo pia nikeli za wakati wa vita, kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945, zenye 35%. Hizi hutambulika kwa herufi kubwa ya kiwanda iliyowekwa juu ya kuba la jengo upande wa nyuma. Uingereza wengi huhangaika na peni 50 zenye michoro maalumu, na inayojulikana zaidi ni ile ya bustani ya Kew ya mwaka 2009, iliyotolewa 210,000 tu. Katika nchi za euro kuna euro 2 za ukumbusho, zilizoanza mwaka 2004 na ile ya Ugiriki ya michezo ya Olimpiki.

Mambo haya yanaingiaje kwenye adabu? Keshia hana lawama kwa kutojua mwaka wa sarafu iliyo ndani ya karatasi. Yeye anajua thamani na namna ilivyofungwa, basi. Kwa hiyo omba kwa lugha ya kazi yake. Marekani kibunda, yaani sarafu zilizofungwa pamoja kwa karatasi, cha senti moja kina sarafu 50, cha nikeli 40, cha senti 10 kina 50, cha robo dola 40, cha nusu dola 20. Na boksi la aina yoyote kati ya hizo huwa na vibunda 50. Uingereza sarafu huwekwa kwenye mifuko midogo: peni 50 ishirini kwa mfuko wa pauni 10, pauni 2 kumi kwa mfuko wa pauni 20. Kibunda cha euro 2 kina sarafu 25. Ukisema "naomba vibunda vinne vya nusu dola, jumla dola 40", keshia ameshamaliza nusu ya kazi kabla hajainuka kitini.

Hatua ya 2: Anzia mahali wanapokufahamu

Nenda kwenye benki ambayo una akaunti. Mtu asiye mteja anapoomba sarafu, keshia anayo haki ya kukataa, na kwingine ndiyo kanuni ya benki yenyewe. Benki nyingine hutoza ada kwa kila kibunda au kila boksi. Uliza mapema. Ukitajiwa ada unayoiona kubwa, shukuru uende zako. Keshia hakuipanga yeye, na kumlalamikia mbele ya foleni ni kumuonea.

Ukiwa na akaunti katika benki zaidi ya moja, amua tangu mwanzo ipi itakuwa ya kuchukulia na ipi itakuwa ya kurudishia. Nitalirudia jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linaloharibu uhusiano kuliko mengine yote.

Hatua ya 3: Chagua saa

Epuka siku za mishahara, mwisho wa mwezi, siku ya kwanza baada ya sikukuu, saa ya chakula cha mchana na nusu saa ya mwisho kabla ya kufunga. Katikati ya juma, asubuhi baada ya msongamano wa kufungua kupungua, ndiyo saa nzuri. Ukifika ukakuta foleni imefika mlangoni, geuza urudi kesho. Sarafu ya mwaka 1964 haiharibiki kwa kusubiri siku moja.

Hatua ya 4: Omba kama mtu anayeweza kukataliwa

Maneno yenyewe ni mepesi. Mimi husema hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Pole na kazi. Mimi ni mkusanyaji wa sarafu. Mna vibunda vyovyote vya nusu dola ambavyo hamvihitaji? Kama havipo, au si wakati mzuri, hakuna shida."

Yamo mambo matatu humo. Nimejitambulisha, kwa hiyo hana haja ya kujiuliza nina nini. Nimetaja kitu kimoja, na kwa jina analolijua. Nimempa mlango wa kukataa bila kuona haya. Hilo la tatu ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo linalomfanya mtu apende kukusaidia tena.

Linganisha na huyu: "Hebu niangalizie humo kwenye droo, una sarafu zozote za zamani?" Amemwomba keshia aache kazi, achambue droo moja moja, huku watu sita nyuma wakitazama saa. Na kuna jambo ambalo mtu wa nje halioni. Kila keshia ana droo yake ambayo lazima ifunge sawa jioni, hadi senti ya mwisho. Kila anapotoa sarafu nje ya shughuli za kawaida anabadilisha hesabu anayobeba kichwani, na ikipungua jioni atabaki yeye akihesabu upya wakati wenzake wamekwenda nyumbani. Ombi dogo kwako linaweza kuwa saa nzima ya mtu mwingine.

Akikwambia hana, usiulize "una uhakika?" Akikwambia anazo lakini anazihitaji kwa wafanyabiashara wanaokuja kuchukua chenji, amekwambia ukweli: sarafu za benki kazi yake ya kwanza ni kuhudumia maduka. Makusanyo yetu yanakuja baada ya hapo.

Vibunda vilivyofungwa kwa mkono na wateja ndivyo wakusanyaji tunavyovipenda zaidi, kwa sababu mara nyingi vinatoka kwenye mitungi na madroo yaliyokaa miaka bila kuguswa. Unaweza kuviomba waziwazi: "Mna vibunda vilivyoletwa na wateja?" Lakini usiulize nani alivileta. Habari za mteja mwingine si zako, na keshia akikujibu atakuwa amevunja kanuni ya kazi yake kwa ajili yako.

Hatua ya 5: Boksi zima huagizwa, na agizo ni ahadi

Ukitaka boksi zima, usitegemee kulikuta. Ongea na keshia mkuu au meneja wa tawi, si keshia aliye katikati ya foleni. Muulize wanaagiza siku gani, mzigo hufika siku gani, kuna ada gani, na kiwango gani hakiwasumbui. Kisha agiza boksi moja. Moja tu kwa mara ya kwanza, hata kama una pesa za matano, ili nao waone wewe ni mtu wa namna gani.

Siku likifika, lifuate siku hiyohiyo au kesho yake. Hapa nina kisa changu, na bado kinanichoma. Nilipokuwa mgeni katika shughuli hii niliagiza boksi mawili ya nusu dola, kisha nikapata safari ya ghafla na sikupiga simu. Nilirudi baada ya wiki mbili. Nusu dola karibu hakuna duka linaloihitaji, kwa hiyo benki haikuweza kumpa mtu mwingine yeyote. Dola 1,000 zilikuwa zimelala sefuni, zikihesabiwa upya kila walipohesabu sefu, na keshia mkuu alikuwa ameulizwa na mkaguzi kwa nini tawi dogo lina mzigo ule. Hakunifokea. Alinikabidhi maboksi, akasema kwa upole kwamba hataagiza tena. Nilimwomba radhi na nikamwelewa, na tawi lile sikuliomba sarafu tena.

Kwa hiyo: acha namba ya simu, uliza yao, na ukipata dharura piga. Simu ya dakika moja ingeniokoa.

Hatua ya 6: Dirishani

Fika na pesa kamili, noti zimepangwa upande mmoja. Kama unatoa kwenye akaunti, jaza karatasi ya kutolea kabla hujafika mbele. Beba begi lenye mishikio imara. Boksi la robo dola au la nusu dola lina zaidi ya kilo 11, na mfuko wa plastiki utapasuka katikati ya ukumbi.

Kisha ondoka. Usifungue kibunda hata kimoja mbele ya dirisha, usirarue karatasi ili "uchungulie kidogo", usikae kwenye kiti cha wateja ukichambua. Zipo sababu mbili. Ukifungua na kukuta imepungua moja, au imezidi, tayari umeanzisha mgogoro wa hesabu ambao hauna shahidi. Na ukishangilia sarafu ya fedha pale ukumbini, keshia aliyekupa hivi punde anabaki akijiuliza kama amekosea kukupa. Furaha yako ipeleke nyumbani.

Ukiulizwa sarafu zote hizi ni za nini, jibu ukweli. Benki zinatakiwa kisheria kuangalia mwenendo wa fedha taslimu. Marekani kwa mfano, muamala wa fedha taslimu unaozidi dola 10,000 kwa siku hupelekewa taarifa serikalini. Taarifa hiyo haina ubaya kwa mtu asiye na la kuficha. Kilicho kosa ni kugawa muamala makusudi vipande vipande ili usiripotiwe. Mkusanyaji wa kawaida hafiki kiwango hicho, lakini majibu ya kuzungukazunguka yatamfanya keshia akuogope hata ukichukua dola 50.

Hatua ya 7: Nyumbani, mezani

Hapa ndipo raha ilipo. Fungua boksi la nusu dola, toa sarafu za kibunda kwenye karatasi bila kuirarua, zilaze zikiwa bado zimepangana, kisha zitazame kwa upande, pale kwenye ukingo. Sarafu za kawaida za sasa zina shaba katikati, kwa hiyo ukingo unaonyesha mstari wa hudhurungi. Katikati ya mistari hiyo yote, ukingo mmoja unatokea mweupe mtupu, kuanzia juu hadi chini. Hiyo ni ya 90%. Ya 40% ina rangi ya kijivu yenye wekundu hafifu, inataka mwanga mzuri na jicho lililozoea. Ukiwa na shaka, pima: nusu dola ya kawaida ina gramu 11.34, ya 90% ina gramu 12.5. Kwa senti moja ya Marekani mizani ndiyo hakimu kabisa, hasa za mwaka 1982 zilizotengenezwa za aina mbili: ya shaba gramu 3.11, ya zinki gramu 2.5, na kwa macho zinafanana.

Adabu inaendelea hata mezani, ingawa hakuna anayekuona.

Chukua kibunda kimoja kwa wakati mmoja. Kimalize, kihesabu, weka mbadala wa kila sarafu uliyoitoa, ukifunge, kisha ndipo ufungue kingine. Ukimwaga vibunda kumi juu ya meza kwa pamoja, hutajua kipi kilikuja pungufu na kipi umekipunguza mwenyewe. Kibunda kikiwa pungufu sarafu moja, kijazie kutoka mfukoni mwako. Kikizidi, andika. Tofauti ndogo za hapa na pale ni za mashine na huzoeleka, lakini ukikuta kibunda cha senti 10 kimejaa sarafu za thamani kubwa zaidi, au boksi limekosa vibunda kadhaa, irudie benki uwaeleze. Najua kuna wanaosema ukishatoka mlangoni ni riziki yako. Mimi sikubaliani nao. Mahali fulani kuna mtu droo yake haikufunga sawa.

Sarafu bandia, sarafu za nchi nyingine, vifungo na pete za chuma unavyovikuta ndani usivirudishe kwenye karatasi. Umevipata wewe, hasara ni yako, na kwa kawaida ni ya senti chache tu. Usizitie alama sarafu kwa wino au kwa kukwaruza ili uzitambue zikirudi. Wapo wafanyao hivyo, na wanaharibu vitu ambavyo mkusanyaji mwingine angevipenda. Ukitaka kujua kama unazunguka na sarafu zilezile, andika herufi ndogo kwenye karatasi ya kibunda.

Hatua ya 8: Kurudisha, ambako sifa yako inajengwa au inabomoka

Kanuni ya kwanza na ya mwisho: usirudishe sarafu mahali ulipozichukua.

Fikiria upande wao. Jumatatu umechukua boksi la nikeli ambalo wameliagiza kwa ajili yako. Ijumaa unarudi na kilo 10 zilezile, sasa zimefungwa kwa mkono, haziaminiki kama za kiwandani. Keshia lazima azihesabu au azipime, azihifadhi, na zikijaa sefuni azitume tena kwa gari la fedha, ambalo nalo lina gharama. Umemfanya aagize mzigo, aubebe, kisha autume ulikotoka. Akikubali mara ya kwanza ni kwa utu wake. Usimjaribu mara ya tatu.

Ndiyo maana nilisema ugawe benki zako. Benki ya kuchukulia iwe ile yenye watu unaoelewana nao na wanaokubali kuagiza. Benki ya kurudishia iwe nyingine, ambako wewe pia ni mteja, na hasa ile yenye mashine ya kuhesabia sarafu kwa ajili ya wateja. Kwa njia hiyo hakuna upande unaobeba mzigo mara mbili.

Kabla ya kupeleka, uliza wanazitaka vipi. Wapo wanaotaka zimefungwa kwa karatasi zao, na watakupa karatasi hizo bure ukiomba. Wapo wanaotaka namba ya akaunti yako iandikwe kwenye kila kibunda. Wapo wanaokataa vilivyofungwa kabisa, wanataka sarafu huru ndani ya mfuko kwa ajili ya mashine. Ukifika na vibunda 50 vilivyofungwa vizuri mahali wanapotaka huru, wewe ndiye utakayekaa ukirarua karatasi, na uchafu ule wote ni wako kuuondoa.

Mashine nayo ina adabu zake. Chini yake kuna mifuko inayopokea sarafu, na mfuko wa aina moja ukijaa mashine husimama mpaka mfanyakazi aje kuubadilisha. Sarafu 2,000 za aina moja zinaweza kuujaza. Mwambie mtu kabla hujaanza: "Nina boksi zima la nikeli, mfuko una nafasi?" Mara nyingi atabadilisha kabisa kabla, na mambo yataisha bila mashine kulia ukumbi mzima. Mimina kidogo kidogo. Toa vipande vya karatasi, gundi na vumbi kabla, kwa maana kipande kimoja cha karatasi kinaweza kuikwamisha. Akija mtu mwenye kikopo cha sarafu za mwanawe, mpishe apitishe zake kwanza. Ukimaliza, tazama trei ya sarafu zilizokataliwa, chukua zako, kisha futa pale palipomwagika.

Usigawe mzigo mkubwa kwa makeshia watatu wa tawi moja ukidhani hawataonana. Wanakula chakula pamoja.

Na njia nyepesi kuliko zote, ambayo wengi huidharau: tumia sarafu zako. Lipa kidogo kidogo kwa chenji kamili mahali wanapozihitaji. Duka dogo linaloishiwa chenji kila jioni linaweza kukushukuru kwa vibunda viwili vya robo dola, na hapo umewapunguzia benki kazi badala ya kuwaongezea. Ila uliza kwanza, usimmwagie mwenye duka senti 500 juu ya kaunta.

Hatua ya 9: Sarafu zinapoadimika, kaa kando

Juni 2020, wakati wa janga la korona, benki kuu ya Marekani ilianza kuzigawia benki sarafu kwa mgao, kwa kuwa mzunguko ulikuwa umekwama: maduka yamefungwa, watu wamekaa na chenji zao nyumbani. Tawi lililozoea kuagiza linavyotaka likawa halipati linachohitaji kwa wateja wa biashara. Wakusanyaji waliokuwa na akili walifanya jambo moja: waliacha kuagiza, na wakapeleka benki akiba ya sarafu za kawaida walizokuwa nazo. Tawi lenye uhaba hupokea vibunda kwa mikono miwili. Huo ulikuwa wakati pekee ambapo hata benki ya kuchukulia ingefurahi ukirudisha.

Hali kama hiyo hujirudia kwa sababu mbalimbali. Tangu Marekani ikome kutengeneza senti moja kwa matumizi ya kawaida, Novemba 2025, usishangae ukiambiwa boksi la senti halipatikani. Usimwambie keshia kwamba tawi la mtaa wa pili wanatoa. Sema umeelewa, uliza kama kuna aina nyingine wasiyoihitaji, na kama hakuna, mtakie siku njema.

Kukataliwa kwa jumla nako kutakuja siku moja. Meneja mpya, kanuni mpya, ama mkusanyaji mwingine aliyewachosha kabla yako. Usiombe kuonana na mkubwa zaidi ili kushinikiza. Hisani iliyolazimishwa kutoka juu humwacha keshia na kinyongo, na yeye ndiye utakayemkuta dirishani kila unapokwenda kwa shughuli zako nyingine.

Hatua ya 10: Shukrani, na keshia ambaye naye anakusanya

Pesa usimpe keshia. Hata senti. Benki nyingi zinawakataza wafanyakazi kupokea, na kamera iko juu ya kichwa chake. Zawadi ya thamani nayo inaweza kumtia matatani. Kadi yenye maneno mawili ya mkono wako, iliyoelekezwa kwa tawi zima, haina tatizo. Lililo bora zaidi ni kuandika barua fupi kwa meneja ukimtaja mfanyakazi kwa jina na kusema alivyokusaidia. Barua hiyo huingia kwenye faili lake, na zawadi yako haiwezi kufanya hivyo.

Baadhi ya makeshia ni wakusanyaji wenyewe. Ukimkuta wa namna hiyo, utamjua: atatabasamu ukitaja nusu dola. Hapo tambua kwamba yeye ana haki ya kwanza kwa sarafu zinazopita mikononi mwake, kwa kadiri benki yake inavyomruhusu kubadilisha kwa pesa zake. Usimwombe akuwekee. Mwoneshe ulichopata, msikilize, na ukiwa na sarafu ya ziada ambayo haipo kwenye makusanyo yake mnaweza kubadilishana nje ya saa za kazi.

Kwa wengine, swali litakuja tu: "Zile za mara iliyopita, ulipata kitu?" Jibu kweli, kwa kiasi. "Nilipata moja ya 1964, nimefurahi sana." Usitaje bei za sokoni wala kupiga hesabu ya faida mbele yake. Yeye anafanya kazi kwa mshahara, na kumwambia kwamba alikupa kitu chenye thamani mara nyingi zaidi ya ulicholipa ni kumtia simanzi bila sababu.

Hatua ya 11: Ukiacha, sema

Hii hufanywa na wachache, nami naiona ya lazima. Kama una agizo la kudumu la boksi kila wiki au kila mwezi, na sasa unahama, umechoka, au pesa zimepungua, nenda mwenyewe au piga simu uwaambie wakufute kwenye orodha. Chukua mzigo wa mwisho uliokwisha kuagizwa hata kama huuhitaji tena. Rudisha karatasi za vibunda zilizobaki, maana nazo wamezinunua. Mwulize keshia mkuu kama kuna boksi lolote bado njiani kwa jina lako, na usubiri ajibu kabla hujaaga.